Mla Jana

Kwetu husema, mla ni mla leo,
mla jana kala nini?
Husema kwa dharau, swali lisilotaka jibu.
Mimi hapa Saskatoon nalipwa kwa saa
niulize swali hilohilo, nikae, nisubiri.

Nina mkoba. Ndani mna paja la kuku la mpira,
viazi vya plastiki, kikombe chenye mistari,
pakiti ya karata ya kupimia samaki.
Daktari Verna Friesen alinifunza:
usiseme "hicho tu?" Usitikise kichwa.
Uliza siagi ilipakwa unene gani,
halafu nyamaza.
Ukimya humkumbusha mtu mengi.

Anatafuta jambo dogo.
Watu mia sita na arobaini, miaka tisa.
Nusu yao hupelekewa dengu kila wiki,
dengu za hapahapa, za mashamba yanayoanza mji unapochoka;
nusu waendelee na mkate wao na soseji,
tuone kama moyo utajua tofauti.
"Utajua?" nilimuuliza siku ya kwanza.
"Ningekuwa na jibu," alisema, "ningekuwa nalala."

Watu husahau, tena kwa ustadi.
Biskuti husahaulika upesi kuliko karoti.
Bi Wasylyk hajaonja chumvi tangu ujana wake;
mkojo wake una habari nyingine.
Nilimpelekea Daktari karatasi zote mbili nikicheka.
Hakucheka.
"Ziandike zote. Aibu nayo ni kipimo."

Januari, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
nilifika kwa Orville Penner kope zimegandana.
Aliendesha treni za ngano, sasa amestaafu.
Nikamuuliza jana.
"Tosti."
Mchana?
"Tosti."
Jioni?
Akatazama sinki.
Nikanyamaza, kama nilivyofunzwa.
Juu ya friji dengu zetu za wiki saba
zimepangwa kama matofali, hakuna pakiti iliyofunguliwa.
"Adeline ndiye aliyejua maji yake," akasema.
Kisha: "Nakula nimesimama.
Nikikaa, kile kiti kingine kinanitazama."

Dodoso lina maswali mia moja na kumi na mawili.
Mafuta gani, mara ngapi, kijiko kipi.
Halina pa kuandika kiti.
Nikaandika pembeni, kwa penseli, kwa Kiswahili,
maana Kiingereza changu cha kazini
hakina neno la upweke lisilonuka hospitali.
Kisha nikaikosea kazi:
nikavua koti, nikabandika sufuria,
nikamwonyesha maji, vidole viwili juu ya dengu.
Tulikula tumekaa. Mimi kwenye kile kiti.

Jumatatu Daktari akaniita.
Penseli yangu ilikuwa chini ya taa yake.
"Hii inasemaje?"
Nikatafsiri. Na vidole viwili nikavikiri.
Akamwondoa Orville kwenye hesabu; ilibidi,
nilikuwa nimeshaharibu kipimo.
Alipiga mstari kwa rula, taratibu,
ndipo akasema baba yake alianguka shambani
katikati ya mavuno, miaka hamsini na mmoja,
na msibani majirani walileta keki za siagi.
"Tulizila zote," akasema. "Zilikuwa tamu."

Matokeo yalitoka mwaka jana.
Lehemu ilishuka, si sana,
kama mtu aliyeshuka kidato kimoja cha ngazi
akasimama kupumzika.
Waandishi wa habari walitaka kidato kiwe ghorofa.
"Ni kidogo," akawaambia, "na ni kweli."
Wakaenda kutafuta mwingine.

Jana saa tatu usiku, ofisini, theluji dirishani,
sote wawili tumeinamia namba za watu waliolala,
akaniuliza bila kuinua macho:
"Na wewe, jana ulikula nini?"

Nikaiona mashine ya chipsi kwenye korido,
sarafu zangu mbili, kisha nyingine mbili.
"Wali," nikasema. "Na mboga."

Hakutikisa kichwa.
Akanyamaza.